Mtu wa Familia

Desemba 9

Leo mchana Mama Toki amenifuata kazini, kwenye jiko letu la vyakula vya kufungasha. Nilimwona kupitia kioo, amesimama kwenye theluji na lile koti lake jeusi la kwendea mazikoni, nikajua hakuja kununua chakula.

Tangu nilipoachana na mwanawe Yasunori, miaka mitatu sasa, mimi na mama huyu hatujaonana uso kwa uso. Kabla ya hapo nilikaa nyumbani kwake kule mlimani miaka ishirini na miwili, na kila asubuhi alionja supu yangu, akaongeza chumvi.

Habari nilikuwa nazo, kama walivyo nazo watu wote wa bonde hili. Februari iliyopita Yasunori alipanda juu ya paa kuondoa theluji, peke yake, bila kamba. Akateleza. Shingo ikavunjika. Nilimpelekea bahasha ya pesa za pole kupitia jirani na sikwenda kumwona.

Sasa hospitali ya mazoezi ya viungo imesema mwisho wa Machi lazima atoke. Na kabla ya kutoka, lazima awepo mtu wa familia atakayejifunza kumuuguza. Mama Toki ana miaka sabini na tisa. Katsuaki, mdogo wake Yasunori, ana mke mjini na kazi ya kuuza matrekta. Ikabaki nani?

Mama Toki aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia meza. "Mpaka theluji iyeyuke tu, Bi Mitsue."

Miaka ishirini na miwili jina langu lilikuwa "wewe".

Desemba 10

Nimekubali. Nisiulizwe kwa nini.

Desemba 14

Nilipoingia chumbani Yasunori aligeuza macho tu. Ndiyo yaliyobaki kugeuka. Anaweza kupandisha mabega na kukunja kiwiko cha kushoto kidogo, kama mtu anayetaka kujikuna kisha akaghairi. Kuanzia kifuani kwenda chini hahisi kitu.

"Umenenepa," alisema.

"Wewe umekonda."

Muuguzi, Bi Narita, akacheka, akadhani ni utani wa watu wa ndoa. Akatoa kalamu akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikamwambia tulishaachana. Kalamu ikabaki hewani. Akauliza sasa aandike nini, maana hakuna nafasi ya mtu aliyeachana.

"Mke," Mama Toki alijibu nyuma yangu.

Bi Narita akaandika.

Desemba 20

Theluji mchana kutwa. Nimejifunza kumgeuza bila kumvuta ngozi.

Desemba 28

Ratiba yangu sasa: asubuhi napika wali wa watu, mchana naendesha gari hadi hospitalini, jioni narudi. Jumamosi nampitia Mama Toki mlimani.

Nimefundishwa kumsafisha, kumlisha akiwa ameinuliwa, kumbadilishia mfuko wa mkojo, kumtoa haja kwa mkono wenye glavu. Nimefundishwa kukagua visigino na makalio kwa kioo kidogo, kwa sababu doa jekundu la leo ni kidonda cha wiki ijayo, na kidonda kikifika mfupani kinaua. Mwili huu nililala nao zaidi ya miaka ishirini ukanipa mgongo. Leo naujua kuliko nilivyoujua nilipokuwa mke. Nacheka peke yangu garini, kicheko kibaya.

Yeye hufumba macho nikimsafisha. Nilidhani ni kiburi. Bi Narita akaniambia kwamba akisafishwa na wauguzi hafumbi.

Januari 1

Mama Toki amekuja na keki za mchele za mwaka mpya. Yasunori haruhusiwi, zitamkaba. Basi mama akakaa mbele yake akazila zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, kana kwamba anakula kwa niaba yake.

Januari 8

Katsuaki amefika hospitalini. Koti zuri, harufu ya manukato, simu mkononi. Ametoa amri: nyumbani mlango wa nyuma upanuliwe, chumba cha mbele kiwekewe kitanda cha umeme, bafu livunjwe. Akaniambia, "Shemeji, wewe utalala chumba cha pili, ukisikia anaita uwe karibu."

Nikamkumbusha kwamba mimi si shemeji yake tena.

"Ah, hayo ni mambo ya makaratasi," alisema, na akaendelea kupima ukuta wa wodi kwa macho kana kwamba tuko nyumbani.

Hakumgusa kaka yake. Alipoagana naye aliupigapiga ukingo wa kitanda.

Januari 17

Theluji. Hakuna jipya.

Januari 18

Theluji.

Januari 25

Bi Hatakeyama wa ustawi wa jamii ametuletea rasimu ya mpango wa kumtunza Yasunori nyumbani. Ni mwanamke mdogo, mpole, ana mafua yasiyoisha. Alitandaza karatasi mezani: siku saba za wiki, saa zote, zimepakwa rangi. Buluu ni wasaidizi watakaokuja nyumbani asubuhi na jioni. Kijani ni muuguzi, mara mbili kwa wiki. Njano ni gari la kumpeleka kuogeshwa. Palipobaki pote ni rangi ya waridi, yaani familia.

Palipobaki pote ni karibu karatasi nzima.

Nikamwuliza mpango huu ni wa muda gani. Akasema, kwa sauti ya kunifariji, kwamba siku hizi mtu aliyeumia hivi akitunzwa vizuri huishi miaka mingi sana. Yasunori ana hamsini na sita. Mama Toki akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Katsuaki akasema hiyo ni habari njema.

Mimi nikatazama ile rangi ya waridi. Wasaidizi wanapewa likizo, muuguzi anabadilishana zamu, gari likiharibika huletwa jingine. Waridi halina mapumziko hata usiku wa Jumapili. Nikamwuliza: waridi likiugua je?

Bi Hatakeyama akapenga kamasi, akasema yapo makao ya watu wa namna hii, mengine huko pwani. Ila watu wengi hupenda nyumbani.

"Sisi tunapenda nyumbani," alisema Mama Toki. Alikuwa ananitazama mimi.

Yasunori alikuwepo muda wote huo, kwenye kiti chake cha magurudumu, mita moja kutoka mezani. Hakuna aliyemwuliza. Hata mimi.

Februari 3

Siku ya kurusha maharage kufukuza mashetani. Wauguzi wamempa kila mgonjwa pakiti. Nikamwuliza Yasunori nimrushie nani kwa niaba yake.

"Katsuaki," alisema. "Lenga pua."

Tulicheka. Mara ya kwanza tangu nije. Kisha nikaingiwa na hasira kwa kucheka, nikamwuliza kitu ambacho sikutegemea kukiuliza. Nikamwuliza kama anakumbuka baba yangu alipokuwa anakufa. Ilikuwa Novemba, matofaa bado yapo mitini. Niliomba niende. Yasunori alisema tumalize kwanza kuchuma safu mbili za mwisho za shamba letu. Nilipofika kwetu, walikuwa wamekwisha kumfunika uso.

Alifumba macho. Halafu akasema anakumbuka. Akasema mama yake ndiye aliyetaka tumalize, na yeye hakutaka kubishana naye.

"Hukutaka kubishana," nilirudia.

"Ndiyo. Sikuwahi."

Nilimgeuza upande wa ukuta kabla ya wakati wake. Bi Narita aliona.

Februari 12

Mwaka umetimia tangu aanguke. Nimempelekea Mama Toki mboga, nikamkuta nje, juu ya ngazi, na koleo mkononi. Miaka sabini na tisa. Nikamshusha kwa maneno makali, naye akashuka kama mtoto.

Ndani, miguu yetu chini ya meza yenye hita na blanketi, alinimenyea chungwa. Hajawahi kunimenyea kitu. Akaniambia kwamba siku ile Yasunori alikuwa na homa. Alitaka kungoja Katsuaki aje wasaidiane. Yeye, mama, akamwambia mwanamume gani huyu anayengoja mdogo wake, mbona marehemu baba yake alipanda na homa zake? Basi Yasunori akavaa viatu.

"Hakujibu kitu. Wewe unamjua, habishani. Alivaa viatu akatoka."

Miaka yote hiyo nilidhani mwanamke huyu moyo wake ni wa barafu, na hauwezi hata kuungua. Kumbe unaungua tangu mwaka jana. Ndiyo maana hataki kusikia habari za makao. Anataka kumrudisha chini ya paa lile lile na kumtunza mpaka ionekane kwamba hakuanguka.

Lakini mikono atakayotumia ni yangu. Nililila chungwa lake, nikamhurumia, na huruma yenyewe ikaniogopesha.

Februari 20

Theluji imeziba barabara ya kurudi. Nimelala mjini. Usingizi mzito kama wa mtu asiye na deni.

Machi 3

Nitaandika polepole.

Jana tulimleta Yasunori nyumbani kwa majaribio, usiku mmoja. Hospitali hutaka ijaribiwe kwanza. Kitanda kilikuwa tayari, mlango umepanuliwa. Mama Toki alipika kuku na wali uliopondwa, ukachomwa kwenye vijiti, akamlisha mwenyewe. Yasunori alikula, akatazama dari. Akasema dari ni ile ile. Usiku nilimgeuza kila kengele ya saa ilipolia. Katsuaki alilala ghorofani na hakusikia kengele hata moja.

Asubuhi upepo ulianza. Theluji ilipita mlalo, mlima ukapotea, barabara ikafungwa. Gari la hospitali lisingeweza kuja. Tukasema si neno, tutasubiri. Nikatoka na Katsuaki kuondoa theluji mlangoni.

Niliporudi ndani kuchukua glavu kavu nikamsikia Mama Toki akiongea kwa sauti ya kubembeleza. Anasema mwanangu ana homa, ona anavyotoka jasho. Amemlaza chali kabisa kitandani, amemfunika malihafu mawili mazito ya pamba, amemkandamizia kingo zote kama mtoto mchanga, na kitambaa cha maji kipo kwenye paji la uso.

Uso wa Yasunori ulikuwa mwekundu, shingo imejaa madoadoa. "Kichwa," alisema. "Kinapasuka."

Bi Narita alinifundisha hili mara nyingi hata nikachoka: mwili wake hauhisi maumivu chini ya kifua, lakini unayajua. Kitu kikiziba huko chini, shinikizo la damu hupanda ghafla, na mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Usimlaze. Mkalishe. Kisha tafuta kilichoziba.

Nilimwita Katsuaki. Akaja mpaka mlangoni na koleo lake, akasimama.

"Weka koleo chini. Panda kitandani nyuma yake. Mkalishe."

Hakusogea.

"Shemeji, nitamvunja."

"Ameshavunjika. Panda!"

Akapanda na buti zake. Akamkumbatia kaka yake kwa nyuma, akamwinua, kichwa cha Yasunori kikaangukia kifuani kwake. Mimi nikatupa malihafu, nikafuata mpira wa mkojo kutoka kwenye mfuko. Mfuko mtupu. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja, umebanwa na ule ukingo uliokandamizwa kwa mapenzi. Nikaunyoosha. Mkojo ukaanza kuteremka, mwingi, wa moto, na sisi sote tukautazama kama watu wanaotazama mvua baada ya kiangazi.

Wekundu ulichukua muda kuondoka.

"Nilimfunika tu," alisema Mama Toki. "Asipate baridi." Aliendelea kusema hivyo, hamwambii mtu yeyote. Akakunja malihafu, akayakunjua, akayakunja.

Yasunori alipopata pumzi alisema, "Mama, nenda ukachemshe chai." Akaenda.

Baadaye nilimkuta Katsuaki bandani, ameketi kwenye makreti ya matofaa, buti zimetapakaa matapishi. Nilizoea kumwona mtu wa manukato na amri. Hapo alikuwa mwanamume wa miaka hamsini anayelia kwa pua.

"Mimi siwezi, shemeji."

"Najua."

"Najua unajua. Lakini mimi ndiye ninayesema kila mahali kwamba tutaweza."

Sikumfariji. Nilimpa kitambaa cha buti.

Machi 4

Barabara imefunguliwa. Tumemrudisha.

Machi 9

Matone kutoka kwenye paa. Nimeosha nguo zangu.

Machi 16

Kikao cha mwisho cha mpango. Tulikuwa sita: Bi Hatakeyama, daktari aliyetazama saa yake, Mama Toki, Katsuaki, Yasunori na mimi.

Bi Hatakeyama alisoma. Baada ya yale ya tarehe tatu ameongeza muuguzi siku moja. Kijani kimezidi kidogo, waridi limepungua kidogo. Alipofika kwenye mtunzaji mkuu akasoma jina langu, na mbele yake neno mke.

"Naomba uyafute yote mawili," nilisema.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu garini. Nilitaka kutaja supu, matofaa, uso wa baba yangu. Yote yalinitoka. Nikasema tu kwamba nilikuja kusaidia majira ya baridi, na majira yamekwisha, na mimi narudi jikoni kwangu.

Katsuaki alitazama meza. Mama Toki ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini: "Ulikuja kututia matumaini, halafu unatutupa. Bora usingekuja."

"Mama, mimi nilikuja mpaka theluji iyeyuke. Miaka mmeiandika ninyi."

"Basi nitamtunza mimi. Andika mimi."

Bi Hatakeyama hakuandika. Daktari akaacha kutazama saa. Na ndipo yule msichana wa mafua akafanya jambo ambalo sisi wote tulishindwa kulifanya kwa miezi mitatu. Aliinuka, akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu.

"Bwana Yasunori, wewe unataka nini?"

Aligeuza macho, akanitafuta.

"Namtaka Mitsue," alisema.

Aliendelea, hamtazami mtu isipokuwa mimi. "Sitaki Mama afe akinigeuza. Katsuaki ana mikono ya kuuzia matrekta. Makao siyataki. Namtaka Mitsue. Najua sistahili, lakini nimeulizwa ninachotaka."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kusema anataka kitu. Hakutaka chai, hakutaka mtoto, hakutaka kunizuia nilipofunga mizigo. Alisubiri avunjike shingo ndipo ajue kusema "nataka", na mtu aliyemtaka ni mimi, na alinitaka mbele ya watu. Kama angelisema neno hilo kwenye shamba la matofaa, ningelibeba mpaka kaburini.

"Mimi sitaki, Yasunori," nilisema.

Nilitaka sauti yangu iwe laini. Haikuwa.

Akapandisha mabega, yale mabega, akayashusha. "Sawa. Niandikieni ya pwani."

Mama Toki alitoka chumbani akijishikilia ukutani. Nilimfuata nimshike mkono asianguke, akaniondoa.

Machi 30

Wamemchukua kwenda pwani leo asubuhi. Sikwenda. Nilikaanga samaki tangu alfajiri, nikaunguza sufuria mbili za mwanzo. Mwenye jiko akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Aprili 5

Nasikia Mama Toki amewaambia majirani mimi ni nyoka. Mmoja wao alikuja kununua chakula ili anitazame.

Aprili 7

Katsuaki amenipigia. Anasema aliendesha hadi pwani Jumapili, akamlisha kaka yake uji, akamwaga nusu kifuani. Atarudi Jumapili ijayo. Hakuniita shemeji. Mama haendi, anasema akienda atakuwa amekubali.

Aprili 21

Nimekwenda. Kwa treni hadi mwisho wa reli, halafu basi. Makao ni jengo la kijivu, upepo wa chumvi, miti ya misonobari iliyolala upande mmoja. Nilibeba figili zilizokaushwa kwa moshi, nimezikatakata ndogondogo.

Nilisimama mlangoni kabla hajaniona. Mwanamke mnene wa makamo, jina lake Bi Kamada, binti wa wavuvi kwa lafudhi yake, alikuwa anamlisha.

"Fungua mdomo, mkulima. Huyu samaki alikuwa na akili kuliko wewe, hakupanda paa."

"Na bado mmemvua," Yasunori akajibu, akacheka mdomo umejaa.

Aliponiona kicheko kikakoma. Bi Kamada akatambua hali, akaondoka na sinia.

Nilimkagua kwa mazoea: visigino safi, mpira umenyooka, kucha zimekatwa. Wanamtunza vizuri. Nilimwambia hivyo. Akasema ndiyo, wanamtunza vizuri, na hawamdai kitu, maana wanalipwa. Nikatoa figili. Akaomba niziache mezani, Bi Kamada atampa.

"Mitsue, usije tena."

Nikauliza kama amekasirika.

"Nilikasirika Machi. Sasa hapana." Alitazama dirishani, kwenye misonobari. "Ukija leo, kuanzia kesho nitakuwa nakusubiri. Hapa ndani mtu anaweza kuishi kama hasubiri mtu. Nimeanza kujifunza. Usiniharibie."

Nilitaka kumbishia. Nilitafuta neno, na kila nililolipata lilikuwa la kunifariji mimi, si yeye. Nikamnyooshea shuka, isiyohitaji kunyooshwa, nikaaga kwa kuinama kama mgeni.

Basi la kurudi lilikuwa mbali bado. Mkabala na kituo pana kibanda cha tambi, nikaingia nijikinge upepo. Nilikuwa na hakika sitaweza kumeza kitu. Nikala bakuli zima, nikainamisha bakuli nikanywa na mchuzi, na nilipoliweka chini nikaona bado nina njaa.